Besi ya Mzee Isibadilishwe Kabla Hatujaifungua

(Mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo na vijana wa bendi ya kijiji)

Mama Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu wahitimu wa kisomo, na ninyi vijana wa bendi mliokaa pale nyuma karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka.

Leo nilitakiwa nizungumze juu ya utunzaji wa vitabu vya maktaba. Nitalizungumza hilo wiki ijayo. Leo kuna jambo lenye haraka zaidi. Jumapili bendi ina mkutano wa kuamua juu ya gitaa la besi la Mzee wetu. Mnajua habari yenyewe. Amekuja mtu kutoka mjini. Anataka kulichukua gitaa lile la zamani, na yeye atoe gitaa jipya linalong'aa. Vijana wanasema, tubadilishe hata leo. Mzee anasema, nipeni nafasi nifikiri. Mimi nimeombwa niseme ninachokijua, kwa sababu wakati nasoma chuo cha ualimu nilikuwa napiga besi. Nilipiga vibaya, lakini nilipiga.

Basi sikilizeni. Nitaanza mbali kidogo.

Zamani besi ilikuwa dude kubwa la mbao, refu kumpita mtu. Mpigaji alisimama nalo kama anayemshika ng'ombe shingo. Kulisafirisha ilikuwa taabu. Tena palipokuwa na ngoma na magitaa ya umeme, sauti yake ilimezwa. Halikuwa na alama kwenye shingo za kumwonyesha mpigaji mahali pa kubana uzi. Kidole kikiteleza kidogo tu, sauti inakosea. Ilimpasa mpigaji afanye mazoezi miaka mingi ndipo apate sauti sahihi.

Huko Marekani, katika jimbo la California, mji wa Fullerton, palikuwa na fundi redio aliyeitwa Leo Fender. Alizaliwa mwaka 1909. Jicho lake moja lilikuwa la bandia tangu utotoni. Alisomea kazi ya uhasibu, lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye redio. Mwaka 1938 alifungua duka lake la kutengeneza redio. Wanamuziki walimletea vikuza sauti vilivyoharibika, akawa anavitengeneza na kuwasikiliza wanavyolalamika. Na jambo la ajabu ndilo hili: mtu huyu hakujua kupiga gitaa. Hata kulikaza nyuzi lisikike vizuri, alihitaji msaada wa mtu mwingine. Lakini alijua kusikiliza mtu mwenye shida.

Mwaka 1951 akatoa gitaa la besi la umeme. Lilikuwa na nyuzi 4, kama lile dude kubwa, lakini mtu analivaa begani kwa mkanda. Kwenye shingo alipanda vipande vyembamba vya chuma, ambavyo mafundi huviita freti. Ukibana uzi nyuma ya freti, sauti inatoka sahihi kabisa. Kwa hiyo alilipa jina la Precision, maana yake usahihi. Haki lazima niiseme: hakuwa wa kwanza kabisa. Katika miaka ya 1930, huko Seattle, Paul Tutmarc alikuwa amekwisha kutengeneza besi ya umeme yenye freti. Lakini ile haikuenea. Ya fundi redio ndiyo iliyoenea duniani.

Kwa nini ya fundi redio ienee? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu aliitengeneza kama mtu anayejua kwamba kitu kitaharibika. Fundi redio anajua hivyo. Shingo ya gitaa haikuunganishwa kwa gundi. Imeshikwa kwa skrubu 4. Ikiharibika, unafungua, unatia nyingine. Sehemu za umeme ziko chini ya kifuniko, nacho kina skrubu. Daraja la kushikia nyuzi lina skrubu. Ni kama baiskeli, ndugu zangu. Baiskeli yako ikiharibika gurudumu huitupi baiskeli nzima. Unafungua nati, unatengeneza, unaendelea na safari.

Ndiyo maana leo, zaidi ya miaka 70 baadaye, kuna watu Marekani, Uingereza, Japani na kwingineko wanaopenda besi za mtindo ule wa zamani kama wengine wanavyopenda mpira. Wapo wanaotafuta zile za zamani zenyewe. Wapo pia wasio na fedha za kununua ya zamani, hao hununua kiwiliwili huku na shingo kule, wakaunganisha nyumbani. Jioni wakitoka kazini wanakaa na bisibisi, wanachokonoa. Leo anabadilisha waya, kesho anapandisha daraja kidogo, keshokutwa anarudisha lilivyokuwa. Wake zao huwacheka. Lakini wanapeana maarifa, huyu anamwonyesha yule, na hakuna anayemficha mwenzake. Hata viwanda vimewafuata. Mwaka 1968 kiwanda cha Fender kilitoa tena besi ya umbo la ile ya mwaka 1951. Mwaka 1982 huko Japani wakaanza kutengeneza besi kwa kufuata mifano ya mwaka 1957 na ya mwaka 1962.

Japani! Hapo ndipo tunamfikia Mzee wetu.

Maandishi nyuma ya gitaa

Mzee alilinunua gitaa lile mwaka 1984, kutoka bendi moja iliyovunjika. Amelipiga harusini, amelipiga kwenye sherehe za mavuno. Wakati mmoja uzi mnene ulikatika na dukani hazikuwepo nyuzi, akatia waya wa breki ya baiskeli, na dansi likaendelea. Nyuma ya gitaa, pale shingo inapokutana na kiwiliwili, pana bamba la chuma. Bamba lina maandishi. Mzee amelibeba gitaa miaka yote hiyo bila kujua limeandikwa nini. Alipomaliza kisomo, na wajukuu wakamfundisha maneno machache ya Kiingereza, alikaa barazani akaligeuza gitaa, akasoma herufi moja moja. Limeandikwa kwamba limetengenezwa Japani. Alinifuata siku hiyohiyo jioni kuniambia. Sikuona mtu amefurahi vile kwa muda mrefu.

Vijana, nataka tuelewane. Sisemi kwamba gitaa la Mzee ni lulu ya mamilioni. Ni la umbo la Precision, lakini jina la Fender halimo. Katika miaka ya 1970 viwanda vingi vya Japani viliiga magitaa ya Kimarekani. Baadhi ya maigizo hayo yalikuwa mazuri mno, na siku hizi watu wanayatafuta. Mengine ni ya kawaida. Ninachosema ni kwamba yule mtu wa mjini hakupanda basi mchana kutwa kwa kutuhurumia. Anayebadilisha jipya kwa kuukuu ameona kitu ndani ya kuukuu. Na sisi hatujaangalia ndani.

Mnasema gitaa linakwaruza, linavuma, na shingo imepinda. Kweli. Nimelisikia. Lakini hayo ni magonjwa ya kutibika. Acheni niwaeleze linavyofanya kazi, mtaona.

Chini ya nyuzi kuna kitu wanachokiita pikapu. Mnacheka! Si gari la kubebea mkaa. Pikapu ya gitaa ni sumaku, na sumaku hizo zimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya waya ule. Umeme huo unapita kwenye kitufe cha sauti, unatoka kwa waya hadi kwenye amplifaya, unakuzwa, unafika kwenye spika. Basi. Hakuna uchawi. Mwaka 1957 Fender aliigawa pikapu ya Precision vipande 2, kila kimoja chini ya nyuzi 2. Vipande hivyo vimeungwa kwa namna ambayo mvumo unaotoka nje unajifuta wenyewe. Ya Mzee ina vipande 2. Kwa hiyo ikiwa inavuma sana, yaelekea kuna waya uliokatika au mchomo wa solda ulioachia.

Na hata pikapu ikifa, inasokotwa upya. Huko ng'ambo wapo wachokonoaji wanaosokota pikapu nyumbani kwa kutumia mota ya cherehani. Mama Salima, usinitazame hivyo, sikuja kuazima cherehani yako.

Kukwaruza pale unapozungusha kitufe cha sauti ni uchafu tu. Ndani ya kitufe kuna njia ya kaboni na kipande cha chuma kinachoteleza juu yake. Vumbi la miaka 40 limejaa humo. Dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, matone machache, unazungusha kitufe mara 20 au 30 huku na huku. Fundi redio wa hapa senta anayo.

Sasa shingo. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo nilipoumia.

Nyuzi 4 za besi zikikazwa, kwa pamoja zinavuta shingo kwa nguvu ya kama kilo 70 hadi 80. Ni kama mtu mzima ananing'inia pale mchana na usiku. Mti peke yake utapinda. Kwa hiyo ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma, na mwishoni ina nati. Ukikaza nati, fimbo inaivuta shingo nyuma kushindana na nyuzi. Ukilegeza, nyuzi zinashinda.

Nilipokuwa chuoni bendi yetu ilikuwa na besi moja. Shingo ilikuwa imepinda kama ya Mzee. Zilikuwa zimebaki siku 3 kabla ya mahafali. Mimi nikasema najua. Nikachukua spana, nikakaza. Haikunyooka. Nikakaza tena. Mwenzangu akasema, ngoja kwanza. Sikungoja. Nikaweka nguvu zote, nikasikia ndani ya mti sauti ndogo, tak. Fimbo imekatika. Shingo ile haikutengenezeka tena hapo chuoni. Siku ya mahafali tulipiga bila besi. Wazazi walicheza kwa adabu tu, mimi nikabeba viti. Mpaka leo nikishika spana nakumbuka ile tak.

Kwa hiyo, utaratibu ni huu. Kwanza pima, usikisie. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa kidole cha mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Mwombe mwenzako aangalie katikati ya shingo. Kati ya uzi na freti ipite kadi nyembamba ya mwaliko wa harusi, basi. Pakipita kidole, shingo imepinda. Legeza nyuzi kwanza. Kisha kaza nati robo ya mzunguko. Robo tu! Rudisha nyuzi, acha gitaa lilale mpaka kesho, ndipo upime tena. Mti hauna haraka, ndugu zangu. Nati ikigoma, acha, mwite fundi seremala muitazame pamoja. Na mara nyingi kwenye besi za mtindo huu nati imejificha ndani, upande wa kiwiliwili, itabidi mfungue zile skrubu 4 na kuitoa shingo. Hesabuni skrubu, ziwekeni kwenye kisoda.

Hesabu ya freti

Vijana wawili waliniuliza juzi: je, tukiamua kutengeneza besi yetu wenyewe, tutajuaje mahali pa kupanda freti? Swali zuri, na jibu lake ni hesabu mliyojifunza katika darasa hili. Mti wenyewe tunao. Mninga tunao. Mpingo wetu ndio unaotengenezewa klarineti huko Ulaya.

Urefu wa uzi wa besi ya Fender, toka kidaraja cha juu hadi daraja la chini, ni inchi 34, yaani kama milimita 864. Gawanya 864 kwa 17.817. Unapata karibu 48.5. Basi freti ya kwanza iko milimita 48.5 kutoka juu. Sasa toa 48.5 katika 864, inabaki 815.5. Gawanya tena kwa 17.817. Unapata karibu 45.8. Hiyo ndiyo nafasi toka freti ya kwanza hadi ya pili. Endelea hivyohivyo hadi freti ya 20. Kila nafasi inakuwa ndogo kuliko iliyotangulia. Ukifika freti ya 12, utajikuta katikati kabisa ya uzi, milimita 432. Usipojikuta hapo, umekosea mahali, rudi nyuma.

Mtu mmoja ataniambia, Afisa, mbona unatusumbua na hiyo nukta 817, tusigawanye kwa 18 tu? Mafundi wa zamani waligawanya kwa 18 kweli. Lakini kwenye besi ukifanya hivyo, hadi freti ya 12 utakuwa umepotea karibu milimita 3. Sikio la mcheza dansi halijui hesabu, lakini kosa hilo litalisikia.

Kuna tahadhari ambayo sitaki mtu acheke ninapoitaja. Umeme. Gitaa lenyewe halina umeme wa kuua. Amplifaya inao. Amplifaya ya zamani inaweza kutunza umeme ndani yake hata baada ya kuitoa ukutani. Mwaka 1972, huko Swansea, nchi ya Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey aliuawa na umeme mbele ya watazamaji alipogusa maikrofoni. Alikuwa kijana, na gitaa lake mkononi. Kwa hiyo sisi tutafungua gitaa. Amplifaya tutamwachia fundi. Na waya wa ardhi kwenye plagi usikatwe ati kwa sababu soketi ina matundu mawili. Nimeona pale ukumbini umekatwa. Nani aliukata sitauliza, lakini urudishwe kabla ya dansi lijalo.

Vilevile anayechoma solda ana risasi mkononi. Risasi ni sumu. Afungue madirisha, asile hapohapo, na anawe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Kijana mmoja amependekeza tulikwangue rangi gitaa la Mzee, tulipake nyekundu. Mimi nakataa. Rangi ile iliyopasukapasuka haidhuru sauti hata kidogo. Na wale wapenzi wa vitu vya zamani, kitu cha kwanza wanachotazama ni kama rangi ya kiwandani ipo. Ukishaikwangua hairudi. Kanuni ya wachokonoaji wazuri ni kufanya lile unaloweza kulirudisha. Waya wa zamani ukitolewa, uwekwe ndani ya bahasha na kuandikwa jina. Hapo ndipo kalamu yenu ya kisomo inapata kazi.

Ni kweli wapo waliovunja kanuni hiyo wakafanikiwa. Jaco Pastorius, kijana wa Florida, alipiga besi iliyong'olewa freti zote. Mashimo yalizibwa, na shingo ikapakwa ile rangi ngumu ya kupakia mashua. Sauti iliyotoka ilikuwa kama mtu anaimba, na baada ya santuri yake ya mwaka 1976 wapigaji wengi walitaka kumwiga. Lakini wangapi waling'oa freti wakabaki na ubao? Hao hawaandikwi magazetini.

Mimi nampenda zaidi James Jamerson wa Detroit. Alipiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown, tena kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Alitumia besi ya Precision ya mwaka 1962, na nyuzi hakuzibadilisha mpaka zikatike. Wengine tunachemsha nyuzi zilizochoka kwenye sufuria dakika chache ili mafuta ya vidole yatoke, zikapata uhai tena. Yeye hata hilo hakulifanya. Uchakavu ule ndio uliokuwa sauti yake. Mwaka 1983, siku chache kabla hajafariki, besi ile iliibwa.

Mzee, wewe hujaibiwa. Gitaa liko chini ya kitanda chako na ni mali yako, si ya bendi, ingawa bendi ndiyo inayolitumia. Hilo pia Jumapili lisemwe wazi na liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Ombi langu kwa mkutano ni dogo. Yule mtu wa mjini aambiwe asubiri mwezi mmoja. Jumamosi hii saa 4 asubuhi tukutane hapahapa darasani. Mzee atakuja na gitaa. Mimi nitaleta bisibisi na rula ya chuma. Fundi redio amekubali kuja na solda yake. Vijana mlete kitambaa safi na daftari, maana kila skrubu itakayofunguliwa itaandikwa imetoka wapi, na atakayeandika ni Mzee mwenyewe. Tukiitoa shingo tutazame vizuri pale inapokaa, kwa sababu viwandani walikuwa na desturi ya kuandika au kugonga muhuri wa tarehe mahali pale. Kama tarehe ipo, Mzee ataisoma.

Baada ya hapo tutalichomeka kwenye amplifaya, likiwa na waya wa ardhi, na Mzee atatupigia. Halafu ndipo tumwite mtu wa mjini, kama Mzee bado anataka kuzungumza naye.

Vijana kule mlangoni, saa 4 si saa 5.